Kizibao cha Siku ya Kilema

Mama mkwe wangu, Rusanka, hawezi kukaa bure. Akiketi, mikono inatafuta kitu: maharage ya kumenya, soksi ya kuziba, au sindano yake ya kroshia ambayo imelika mpaka katikati imekuwa nyembamba. Kila kitu cha nyumba hii kimepita mikononi mwake mara mbili. Mapazia ya jikoni yalikuwa tandiko la harusi yake. Kitambaa kilichofunika redio kilikuwa soksi. Mbegu za nyanya sijawahi kumwona akinunua tangu niolewe hapa. Huzikausha kwenye gazeti na kuzitia katika visanduku vya vidonge alivyoacha marehemu baba mkwe. Majirani husema nyanya za Rusanka zinatibu presha.

Mwaka jana, baada ya kuvuna pilipili, alitoa sweta la marehemu kabatini. Alisema sweta lisilo na mwenyewe linanenepesha nondo tu. Akalifumua, akazungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, akauosha, kisha akauning'iniza na chupa ya maji upande wa chini ili unyooke. Akaanza kumfumia kizibao mwanawe Stamen, mume wangu, anayeendesha lori la mbao mpaka Austria. Ni lori kuukuu, na baridi huingilia miguuni.

Kilibaki ukingo tu siku za mbwa mwitu zilipofika. Kwetu mwezi wa Novemba kuna siku ambazo mwanamke hashiki uzi wala mkasi. Vazi la mwanamume likifumwa siku hizo, mbwa mwitu hulijua, na humfuata njiani aliyelivaa. Siku ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote, ni ya yule mbwa mwitu kilema anayechechemea nyuma ya kundi. Mama akafunga mkasi kwa uzi mwekundu ili midomo ya mbwa mwitu isifunguke, akatia sindano ndani ya kopo, na kopo akaliweka juu ya kabati. Kizibao kikalala kitini bila ukingo, na Stamen alikuwa karibu kuondoka.

Asubuhi moja nilimkuta binti yangu Nedka, wa miaka mitatu, amesimama juu ya kiti karibu na kalenda ya ukutani, ile ya kuchana karatasi moja kila siku. Alikuwa na karatasi tatu mkononi. Moja ilikuwa haki yake, mbili zilikuwa za wizi. Nilitazama kizibao. Nikatazama mlango, nje umande ulikuwa umeganda juu ya vitunguu. Nikazichukua karatasi zote tatu nikazitia ndani ya jiko, zikashika moto mara moja, na sikusema neno.

Mama aliingia, akatazama ukuta, akasimama kidogo. Kisha akashusha kopo. Kufikia mchana ukingo ulikuwa umekwisha. Kesho yake alfajiri Stamen akaondoka amevaa kizibao cha kijivu, mama akimvuta mabega kukinyoosha kana kwamba anampeleka shule.

Siku hiyohiyo kabla ya chakula cha mchana akaja jirani yetu Bibi Tsona, mwanamke asiyebisha hodi. Alitaka kuazima mkasi, wake ulikuwa umeshika kutu.

"Nimeufungua leo, umegoma," alisema. "Si ndiyo leo tumefunguliwa? Jana usiku nimelala vizuri, kilema kashapita zake."

Mama alikuwa anakata vitunguu vya liki. Kisu kikasimama.

"Kapita lini?"

"Jana, Rusanka. Wewe vipi, umezeeka kabla yangu?"

Bibi Tsona alipoondoka na mkasi wetu, mama alifungua redio na kukaa mbele yake mpaka walipotaja tarehe. Akaizima. Hakuniuliza chochote, na kutoulizwa kuliniuma zaidi.

Alimpigia Stamen simu. Nilisikia kicheko chake kutoka nilipokuwa. Alisema huko barabarani mbwa mwitu anaowajua ni askari wa mpakani tu, na hao hawali sufi. Mama akamwambia akivue. Akajibu kwamba nje ni baridi, mama, nikikivua nitakufa kabla mbwa mwitu hawajafika. Akamwambia basi akivae ndani nje, mbwa mwitu wasikitambue. Stamen akasema sawa, sawa, kwa ile sauti ya mtu ambaye hatafanya.

Kuanzia hapo nyumba haikutulia. Kabichi tunayoichachusha pipani kwa ajili ya majira ya baridi hutolewa maji yake ya chumvi kwa bomba la chini na kumiminwa tena juu, mara moja kwa siku, ili isioze katikati. Mama aliyatoa mara tatu, mara nne. Maji yakawa na povu. Alikwenda bustanini kulima tuta ambalo lilikwisha limwa. Alifukua vitunguu saumu alivyopanda mwezi uliopita, akatazama kama vimetoa mizizi, akavirudisha. Alimwaga mbegu zote mezani, akazichambua, akazichanganya kwa bahati mbaya, akaanza upya. Simu aliibeba kwenye mfuko wa aproni, na kila ilipolia aliifuta kwanza kama imemwagikiwa kitu. Alikula kwa kusimama. Ikabidi nami niwe macho, maana nikifumba tu nilimwona Stamen kwenye barabara ya theluji, na karatasi zile tatu zikiwaka.

Siku ya sita nilimkuta tena kwenye pipa. Nilishika ndoo upande wa pili.

"Mama," nilisema, "kalenda aliichana Nedka. Mimi nilimwona. Nilinyamaza."

Aliendelea kumimina mpaka ndoo ikaisha.

"Ulitaka apate joto."

"Ndiyo, mama."

"Unajua nilitia kabichi hii pipani lini? Hesabu za kabichi mimi sikosei. Asubuhi ile nilikuwa nimeyatoa maji mara kumi na moja. Ukuta ukaniambia kumi na tatu." Akakung'uta ndoo. "Nikauamini ukuta. Nilitaka kuuamini, mwanangu. Kwa hiyo usijibebeshe peke yako, utavunjika kiuno, na wewe una mtoto wa kubeba."

Akafunika pipa kwa sahani na jiwe. Nilitaka kumshika mkono, lakini ulikuwa umeshakwenda kwenye ufagio.

Stamen alirudi siku ya kumi na mbili. Mama alilisikia lori kabla mbwa wa nyumbani hajabweka, akatoka bila viatu vya nje. Alimpapasa mabega, mgongo, kifua, kama anayetafuta tikiti maji lililoiva. Kizibao hakikuwepo.

Mezani Stamen akaeleza, huku akijichotea supu ya maharage. Kwenye maegesho karibu na Vienna alimkuta dereva Mromania, Doru, wanaonana mara kwa mara. Lori la Doru kipasha joto kilikuwa kimekufa, naye anatetemeka kama mbuzi aliyenyolewa. Stamen akavua, akampa.

"Si uliniambia nikivue, mama? Nimekivua."

Nilihisi kama mtu kanitua mtungi kichwani. Nilimtazama mama nikingoja atabasamu, aketi, ale. Hakula.

"Huyo Doru," alisema. "Ana mama?"

"Nitajuaje, mama?"

"Ana watoto?"

"Wawili. Ananionyesha picha zao kila tukikutana, mpaka nimewachoka."

Nedka alikuwa akigonga kijiko kwenye sahani na hakuna aliyemkataza. Nilimwona mama akitazama mlango, kule lori liliko, na mbele zaidi ya lori.

"Mtaonana lini?"

"Alhamisi ijayo, Mungu akipenda. Mama, jamaa amefurahi, mwache."

"Utampa kingine. Kile utanirudishia mimi, nikichome." Alikwisha vua sweta lake la kahawia, la kuvaa jikoni, akabaki na blauzi. Akaligeuza ndani nje, akatafuta fundo kwapani, akalikata kwa meno kwa kuwa mkasi ulikuwa bado kwa Bibi Tsona. Uzi ukaanza kutoka kwa kurukaruka, mstari baada ya mstari. "Ana kifua cha namna gani?"

Stamen aliweka kijiko chini, akatanua mikono. Akafikiri, akaitanua zaidi.

"Kama mlango wa zizi," alisema.

Mama alitazama uzi uliokusanyika mapajani mwake, akatazama sweta lililobaki, akapima kwa jicho. Kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nimeshafungua sweta langu mpaka kifungo cha tatu.