Safu ya Maelezo

Nyumbani kwa Fundi, vitabu vya Profesa vilikuwa na kazi nyingi kuliko vilivyokuwa nazo maktaba. Cha kwanza, kile kinene cha barabara za mijini na bei ya ardhi, kilikandamiza karatasi za mitindo zisipeperushwe na feni. Cha pili, cha maji na kodi za majengo, kilikaa chini ya mguu mfupi wa meza ya kukatia nguo. Mdogo wake ndiye aliyemletea, na siku alipoviona katika hali ile alinuna siku mbili nzima.

"Dada, hivyo ni vitabu vya sera ya uchumi," alisema.

"Ndiyo maana ni vizito," Fundi akamjibu, pini zikiwa mdomoni.

Mdogo wake huyo ndiye tunayemzungumzia. Watu walimwita Penseli, hata wajomba zake, kwa sababu tangu apate kazi hakuonekana bila penseli kwenye mfuko wa shati, imechongwa huku na huku. Alikuwa mdadisi: alipita nyumba hadi nyumba na soko hadi soko, dodoso mkononi, akiuliza na kuhesabu, kisha akarudisha karatasi ofisini kwa Profesa, mchumi aliyeandika vitabu vinne juu ya miji na namna inavyoendeshwa. Profesa alifikiri, Penseli akatembea. Mgawanyo huo wa kazi haukumkera hata kidogo. Katika ukurasa wa shukrani wa kila kitabu paliandikwa "wadadisi wetu wenye bidii," naye alipigia mstari maneno hayo na kuwaonyesha wageni. "Huyo ni mimi," alisema. Fundi alimuuliza mbona wanaonekana wako wengi, akajibu kwamba yeye ni mmoja wao, na wengine hawakuwa na bidii sana.

Utani huo uliishia kwenye kitabu cha tatu.

Kitabu cha tatu kilihusu masoko, na Fundi alikuwa mtu wa soko. Cherehani yake ilikaa meza ya thelathini na mbili, katika soko la katikati ya mji, chini ya paa la mabati lililotoboka upande wa mafundi viatu. Kwa cherehani hiyo alimlea Penseli baada ya wazazi wao kufariki, akamsomesha mpaka akawa mtu wa kushika karatasi. Profesa aliamua kuchunguza masoko arobaini, kila soko lihesabiwe siku moja, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa sita. Penseli aliomba apewe lile la dada yake. Alidhani anajifanyia hisani.

Siku aliyopangiwa ikaangukia siku ya mazishi. Mama wa chai, aliyekuwa akizunguka na birika lake sokoni pale tangu Penseli akiwa mtoto wa kubebwa, alifariki ghafla, na zaidi ya nusu ya watu wa soko wakaenda kumzika. Kaburi lilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, na maziko yalikuwa saa tano. Penseli alimpigia msimamizi wake simu kuomba siku nyingine. Msimamizi akasema gari la kukusanya karatasi litapita saa saba kamili, na mdadisi anaandika kinachoonekana kwa macho, basi.

Akahesabu. Meza mia na kumi na nane, sabini na moja hazina mtu. Kwenye dodoso, mwisho kabisa upande wa kulia, kulikuwa na safu pana iliyoitwa Maelezo, kwa mambo kama hayo hayo. Hiyo ndiyo kazi ya safu hiyo. Alipofika mahali pa maziko, viatu vimejaa vumbi, udongo wa mwisho ulikuwa bado. Akampa dada yake karatasi amshikie, akashika koleo.

"Kumbe leo umehesabu?" Fundi alimuuliza baadaye, wakiwa wamesimama pembeni. "Na sisi tuko huku?"

"Usijali, Dada. Nimeandika kwenye maelezo."

Kitabu kikatoka baada ya miaka miwili. Jedwali la kumi na nne lilisema kwamba katika soko la katikati, meza sabini na moja kati ya mia na kumi na nane hazitumiki. Chini yake Profesa aliandika kwa upole wake kwamba soko ambalo zaidi ya nusu ya meza zake ziko tupu limekalia ardhi ya thamani kubwa, na ingefaa mipango ya mji ilitazame upya. Hakuandika livunjwe. Lakini halmashauri ya jiji ilikuwa imeshakaa mkao wa kula. Ilichokosa ni karatasi ya kunyooshea kidole, na sasa imeipata, tena ya Profesa. Mwaka haukuisha, wauzaji wakahamishiwa nyuma ya maghala, pembezoni mwa mji, mahali ambapo mteja hafiki ila awe amepotea.

Hapo ndipo Penseli alipoanza hadithi yake, na aliisimulia miaka kumi na sita. Kwamba yeye aliandika. Kwamba maelezo yalikuwepo, meza kwa meza, kwa mkono wake, ila wale vijana wa kompyuta walioingiza takwimu waliiacha safu ya mwisho kwa uvivu wao. Aliisimulia harusini, aliisimulia msibani, aliisimulia kwenye meza ya dada yake huko nyuma ya maghala, wanawake wa soko wakiwa wamemzunguka. Walimwamini. Waliwalaani watu wa kompyuta mpaka koo zikawakauka. Fundi hakuwa akichangia. Alikuwa na nguo za kupiga pasi.

Siwezi kusema soko jipya ndilo lililomuua Fundi. Daktari alisema ni figo, na figo hazisomi vitabu. Ila mwendo wa kwenda kule na kurudi ulimla, wateja wakapungua, na mwaka aliolazwa mara ya pili alikuwa amekonda kiasi kwamba Penseli alipomwinua kitandani alitaka kulia. Daktari alimwita nje, akamwambia wajiandae, ni suala la wiki chache.

Ni katika wiki hizo Penseli alipomletea habari kwamba Profesa, aliyekuwa amestaafu, anatayarisha toleo jipya la kitabu cha tatu. Alidhani ni habari ya kumchangamsha tu. Fundi aliweka kikombe chini.

"Basi nenda," alisema. "Mwambie atoe ile namba. Iandikwe tulikuwa makaburini."

"Dada, pumzika kwanza."

"Nitapumzika sana, usiwe na wasiwasi. Mimi sitaki kurudishiwa soko. Ila kesho mtoto wa mtu atafungua kile kitabu asome tulikimbia meza zetu. Hatukukimbia. Tulikuwa tunazika. Kwani ni maneno mangapi hayo?"

"Machache."

"Haya. Na hizo karatasi zako uzione mwenyewe. Kwa macho yako, sio kusimuliwa."

Akaenda. Profesa alimpokea vizuri, akamkalisha, akamsikiliza bila kumkatiza. Alikuwa amezeeka, mkono mmoja unatetemeka, lakini akili iko pale pale. Penseli alipomaliza, mzee wa watu akavua miwani.

"Miaka yote hii hukuniambia, Bwana Penseli?"

"Niliogopa, Profesa. Ningeonekana nakukosoa."

"Ungenikosoa ningeshukuru. Madodoso yote yapo, sijatupa hata moja. Tukiyakuta maelezo yako, jedwali lile nalitoa, na aya yake naiandika upya. Tena nitasema kwa nini."

Penseli alishuka ngazi za kwenda stoo akiwa mwepesi kama aliyetua mzigo. Stoo ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja, maboksi mpaka darini, kila boksi na jina la soko kwa wino uliopauka. Walilipata bila shida. Profesa akakata kamba, akatoa karatasi sita zilizobanwa kwa pini iliyoshika kutu, akampa Penseli, mwenye mwandiko, azisome mwenyewe.

Meza ya kwanza, tupu. Maelezo, hakuna kitu. Meza ya pili, maelezo hakuna kitu. Akafunua ya pili, ya tatu, akazifunua zote sita, akarudia tangu mwanzo polepole, kidole kikishuka kwenye safu ya kulia. Ilikuwa nyeupe toka juu mpaka chini. Hapakuwa hata na nukta.

Ndipo ilipomrudia siku ile kama ilivyokuwa. Alikuwa ameweka alama haraka haraka, na kila akitazama saa anajiambia maelezo atayajaza akirudi, sasa awahi udongo wa mwisho. Akawahi. Waliporudi, gari lilikuwa linapiga honi kona ya soko, msimamizi ameshanyoosha mkono dirishani. Akatoa karatasi. Alikuwa amekusudia kuandika, na alikusudia kwa nguvu hata akasema ameshaandika, na alichokisema mara nyingi ndicho alichokuja kukikumbuka.

Simu ya Profesa ikaita, akatoka nje kuipokea. Penseli akabaki na karatasi na penseli yake mfukoni. Mwandiko ni wake, penseli ni ya aina ile ile, na jambo lenyewe ni kweli tupu. Maneno mawili tu juu, na alama za kurudia mpaka chini. Nani angejua? Akaitoa. Akaiweka ncha juu ya karatasi, meza ya kwanza. Kwenye udadisi kuna amri moja wanayofundishwa siku ya kwanza: ukishatoka eneo la kazi hujazi kitu. Aliwahi kumfukuzisha kazi mwenzake kwa kosa hilo. Akairudisha penseli mfukoni, akakaa juu ya boksi, akajichukia kwa kutoandika siku ile, akajichukia tena kwa kutoandika sasa.

"Hakuna, Profesa," Penseli alimwambia mzee aliporudi. "Sikuandika. Ni mimi."

Profesa akazifunua karatasi zote sita. "Ningeona maneno mawili tu," alisema, na hakumalizia. Kisha akasema, "Pole sana. Namba siwezi kuigusa bila ushahidi. Nitaweka tanbihi, niseme unavyokumbuka."

Njiani Penseli aliamua kudanganya. Dada yake yuko mlangoni pa kaburi, amwambie imeandikwa, alale salama. Alilipanga neno kwa neno. Alipoingia wodini, Fundi alikuwa ameegemezwa kwa mito miwili, macho mlangoni.

"Umeziona?"

"Nimeziona."

"Imeandikwa?"

Penseli akafungua mdomo, na uongo aliokuja nao ukagoma kutoka. "Hakuna kitu, Dada. Safu iko tupu. Sikuandika."

Fundi alifumba macho, akayafumbua. "Najua," alisema.

"Unajua toka lini?"

"Makaburini. Si ulinipa nikushikie? Niliziangalia, nikaona huko mwisho kweupe. Ukaniambia umeandika. Nikasema, labda ataandika njiani. Halafu kitabu kikatoka."

"Mbona hukuniambia? Miaka kumi na sita nasimulia, Dada."

"Ningekuambia nini? Uliacha kuandika uwahi kuzika. Ningekugombeza umewahi?" Akapumua kidogo, maneno yalikuwa yanamchosha. "Tena ungeacha kazi, nakujua. Nilitumaini labda siku ile niliona vibaya. Jua lilikuwa kali. Nilitaka nijue tu, kabla sijaenda."

Penseli alilia pale pale, kichwa kwenye shuka, na Fundi akamwekea mkono shingoni kama alivyokuwa akifanya zamani, mtoto akianguka. Hakumwambia anyamaze. Baada ya siku tisa akafariki.

Toleo jipya lilitoka miezi mitatu baadaye. Profesa alimpelekea nakala kwa mkono wa mwanawe. Jedwali la kumi na nne lilikuwa pale pale, sabini na moja kati ya mia na kumi na nane, na chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo za kutafuta kwa miwani: "Mdadisi aliyehusika anakumbuka kwamba siku hiyo wauzaji walikuwa mazikoni. Hatukupata maandishi ya kuthibitisha." Penseli aliisoma akiwa amesimama karibu na cherehani iliyofunikwa kitambaa. Kwenye ukurasa wa shukrani hakupiga mstari.

Kesho yake akavaa shati safi akaenda kule nyuma ya maghala. Alikuwa ameandika orodha ya waliokuwa soko la zamani na bado wako hai, akaifuata meza kwa meza, kama kazi. Alipiga hodi, akajitambulisha ingawa wanamfahamu, akasema alichokuja kusema: kwamba watu wa kompyuta hawana kosa, ni yeye aliyeacha safu tupu. Wengine walimwambia yamepita. Mshona viatu mmoja alimwuliza sasa anataka wamfanyie nini, akajibu hakuna, amekuja wajue. Mwanamke wa vitenge, ambaye mumewe alimwacha mwaka ule wa kuhama, alimgeuzia mgongo akaendelea kukunja vitambaa vyake. Penseli alisubiri kidogo, akaenda meza inayofuata.

Mama Vitunguu alikuwa wa kumi na tisa. Alimsikiliza mpaka mwisho, mikono ikiendelea kufunga mafungu.

"Na dada yako alijua?"

"Alijua. Tangu siku ile ile."

Mikono ikasimama. "Ndiyo maana," alisema. "Kila tukianza kuwalaani wale wa kompyuta, alikuwa anainuka. Anasema ana nguo ya kupiga pasi. Nikawa najiuliza, jamani, nguo gani hiyo isiyokwisha miaka yote."

Penseli alitaka kuaga, machozi yakamtangulia. Bado alikuwa na majina manne kwenye orodha. Mama Vitunguu akazunguka meza, akamsogezea kigoda chake mwenyewe.

"Kaa," alimwambia. "Huwezi kwenda kwa mwingine na macho hayo."

Penseli akakaa.