Chumba cha Asiyekuwapo

Fundi alipaka viraka viwili ukutani, kimoja rangi ya asali, kingine samawati, akarudi nyuma, mikono kiunoni.

"Hii ya joto, hii ya baridi. Sema, mama."

Mshonaji aliangalia kimoja, akaangalia kingine. Maisha yake yote alikuwa amewachagulia watu rangi za kuvaa, hii ilimshinda. Chumba kilikuwa cha bintiye, aliyekuwa akipika katika jikoni za watu ughaibuni, kwa mwajiri anayetoa likizo kama atoaye sadaka, ilhali ni haki. Safari hii, baada ya kunyimwa tena na tena, alikuwa ameruhusiwa kuja nyumbani.

"Binti anataka samawati," alikiri. "Anasema apumzishe macho. Lakini huyu alikuwa mtoto wa kuhisi baridi! Akijikunyata chini ya cherehani yangu, amejifunika vitambaa vya manjano, miguu yangu sina pa kuiweka."

"Yuko hapa? Asiyekuwapo na lake halipo."

Kauli hiyo ilimkuna palipowasha.

"Basi asali. Tena ikoleze, ikikauka itafifia."

"Mama, rangi ya ukuta si kama…"

"Mwanangu, nimeloweka vitambaa kabla wewe hujaota meno."

Fundi akaikoleza.

Kesho yake kuta zilikuwa zimekauka. Kitambaa kikikauka hupauka. Rangi ile, kinyume chake, ilikuwa imeiva ikapitiliza. Chumba kizima kilifanana na tanuri. Mshonaji aliketi kwenye kitanda kisicho na godoro, akamwona mwanawe akilini akitua mizigo baada ya miaka ya kusimama mbele ya moto wa watu, ili alale ndani ya moto wa mamaye. Mtoto aliyempakia rangi ile alikuwa yule wa zamani, wa chini ya cherehani. Huyo hakuwa na tikiti ya kurudi.

"Nilitaka kukwambia, mama," fundi alisema mlangoni.

"Wewe ulitaka, na yeye aliniambia. Sikio langu ndilo lililokuwa likizoni." Alijifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Lete samawati."

"Tuikoleze?"

"Nitakuchoma sindano!" Wakacheka wote wawili. "Ipake vilevile alivyosema."

"Lakini asiyekuwapo, mama…"

"Lake lipo. Paka."

Akarudi kwenye kazi yake. Cherehani ilipoanza kunguruma, aliivuta miguu pembeni, kama alivyozoea, nafasi ya mtoto ikabaki wazi.