Wifi Aliyetumwa Kunikanya

Nilikuwa nimeshapita miaka arobaini, muuguzi wa zahanati, nilipoamua kufanya mtihani wa kuingia shahada ya uzamili. Nilipomwambia mume wangu, alimaliza kwanza ugali wake, akanawa, kisha akasema, "Uamuzi ni wako." Nikalala nimefurahi. Kesho yake akapanda pikipiki kwenda Lupiro kumweleza kaka yake.

Shemeji hakuja mwenyewe. Alimtuma dada yao, wifi yangu mkubwa, aliyeishia darasa la saba na aliyekuwa akiogopwa na ukoo mzima kwa mdomo wake. Wakati huo mpunga wa shamba letu la kijiji cha Mofu ulikuwa umeanza kujaa punje, nami nilikuwa nimechukua likizo ili nifukuze ndege. Alinikuta juu ya dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa katikati ya shamba, kombeo kando yangu na kitabu cha takwimu mapajani.

Alipanda ngazi akihema, akaketi.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba. Nimetumwa nikukanye."

"Haya, nikanye."

"Kaka anasema umri wako umekwenda. Anasema mwanamke akisoma kupita kiasi anamdharau mumewe. Anasema nyumba itabaki na nani." Akavuta pumzi. "Nimemaliza. Hicho kitabu kinasema nini?"

Nilicheka mpaka kwelea, wale ndege wala mpunga, wakatua upande wa pili bila mimi kuwaona. Yeye ndiye aliyewaona. Akaokota kombeo, akawarushia donge la udongo, akapiga ukelele uliosikika mtoni.

"Wewe soma," akasema. "Ndege niachie mimi."

Hakuondoka siku hiyo wala iliyofuata. Alipochoka kukaa kimya alininyang'anya kitabu, akaanza kuniuliza maswali ya mwisho wa kila sura. Kiingereza alikisoma kama kilivyoandikwa. Neno "cause" alilisoma "kause", na mpaka leo nikilikuta mahali nalisikia kwa sauti yake. Nikijibu, alilinganisha maneno yangu na majibu ya nyuma ya kitabu, herufi kwa herufi. Neno moja likipungua, nimekosa.

"Lakini maana ni ileile, wifi."

"Humu hamna hilo neno lako. Rudia."

Siku moja tukasikia pikipiki kwenye tuta. Shemeji alishuka, akasimama chini ya dungu, kofia mkononi. Tukamwamkia, akaitikia bila kutuangalia.

"Mdogo wangu, nilikutuma kufanya nini huku?"

"Kumkanya. Nimemkanya siku ileile niliyofika."

"Na sasa?"

"Sasa namuuliza maswali. Umetukatiza."

Akanigeukia mimi. "Shemeji, hivi unataka nini zaidi? Mshahara unao. Mume unaye."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya heshima kwa ajili ya siku hiyo. Yote yalinitoka kichwani.

"Nataka kusoma," nikasema. "Siombi ruhusa, shemeji. Nakuheshimu, na nitaendelea kukuheshimu nikiwa nasoma."

Alivaa kofia yake, akawasha pikipiki. Wifi akanyoosha kidole kwenye ukurasa kutafuta tulipoishia.

Mtihani niliufanyia Morogoro, nikafeli. Takwimu ndizo zilizoniangusha. Habari ilifika Lupiro kabla sijaikubali mwenyewe, na Jumapili, nje ya kanisa, shemeji akanisalimia kwa sauti ya watu wote kusikia: "Pole shemeji, tumesikia." Wanawake waliokuwa karibu wakainamisha macho. Mimi sikuyainamisha.

"Asante," nikamjibu kwa sauti kama yake. "Narudia mwakani."

Mume wangu alikuwa amesimama kati yetu. Nyumbani aliniuliza, kwa upole, kama kweli nilikusudia kurudia. Nikamwambia akamuulize kaka yake, maana mambo yangu huwa wanayazungumza huko. Hakwenda. Siku chache baadaye alinunua turubai jipya, akalifunga mwenyewe juu ya dungu, upande ule mvua ilikokuwa ikiingilia na kulowesha vitabu.

Msimu uliofuata wifi alikuja bila kutumwa na mtu. Nilisoma takwimu mpaka nikaanza kuota majedwali, nikarudi Morogoro, na safari hii nikapita. Sikupita kwa alama za kujisifia.

Sasa nipo darasani. Mhadhiri wetu ni kijana ambaye ningeweza kumzaa, na hesabu bado hazinipendi. Wenzangu wasipoelewa hutikisa vichwa kama walioelewa, wakaandika. Mimi nanyoosha mkono.

"Sijaelewa," namwambia. "Tafadhali rudia."

Juzi alihema, akatazama saa yake. Nikauacha mkono wangu juu mpaka alipogeukia ubao na kuanza upya.