Usiku wa Mchana Ndani ya Tumbo

Juzi nilialikwa katika shule moja ya wasichana huko Suna, Migori, nizungumzie vitabu vyangu. Kama hujavisoma, rafiki yangu, usione haya, hata shemeji zangu hawajavisoma. Huandika hadithi za vijana zenye mashine za mvuke, mazimwi ya chuma na wasichana wanaotembea na spana kiunoni. Walimu waliniwekea kreti ya soda nyuma ya meza nisimame juu yake, maana bila hivyo wanafunzi wangesikia sauti tu wasimwone mwenye sauti. Nimezoea. Mimi ni mfupi, na ufupi wangu una chanzo chake, nitakufikisha huko.

Maswali yalikuwa yale ya siku zote mpaka msichana mmoja wa nyuma kabisa aliposimama. "Madam, mbona story zako huwa haziishi? Yule dem anabaki tu hapo kwa mlango, anangoja. Sasa anangoja nani? Si aende tu home?"

Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu wao akamtolea macho. Mimi nikajibu kwamba mwandishi humwachia msomaji nafasi ya kuwaza, maneno ambayo sisi waandishi huyatoa tukibanwa. Msichana yule akaketi akinitazama kama mtu aliyeuziwa dagaa wa omena wenye mchanga. Na alikuwa na haki. Nilipotoka pale nikampigia simu dada yangu anayeishi hapo hapo Migori, nikamwambia, "Nipeleke kwa dani."

Dani ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, mama yake baba. Boma lake lilikuwa upande wa mto, karibu na mgodi wa dhahabu ambao wazungu waliuacha zamani, kabla baba yangu hajaota ndevu. Waliondoka na dhahabu, wakatuachia vyuma. Palikuwa na magurudumu yenye meno, mabomba yaliyozibwa na viota vya ndege, na katikati ya majani marefu lililala boila kubwa la mvuke, limeliwa na kutu, mlango wake wa duara umeng'oka. Mtu mzima aliweza kuingia akiinama. Watu wazima waliliita boila. Sisi tuliliita Tumbo.

Ningeweza kukueleza siku nzima kuhusu Tumbo. Asubuhi lilikuwa baridi ukiliegemea, jioni lilikuwa na joto kama ng'ombe. Ukipiga kelele ndani, sauti ilikurudia ikiwa nzito, ya mtu mkubwa. Tulilitumia kwa kila kazi. Tulipotumwa kuwafukuza ndege kwenye mtama, tulilipiga kwa jiwe, ngoo, ngoo, na ndege wote wa kijiji wakahama. Mvua ikitukuta na kuni kichwani, tulijibanza humo tukitafuna viazi vitamu vilivyopoa, tukijidai tunasafiri. Dada alikuwa dereva daima. Mimi nilikuwa abiria, au kuni.

Jioni, tukishaosha vyombo, watoto wote wa boma walikusanyika kwa dani. Kwa Wajaluo nyumba ya nyanya ndiyo siwindhe, mahali watoto wanapolala na kusimuliwa sigana, yaani hadithi. Nyumba ya dani ilinukia moshi, samaki mkavu na mafuta aliyojipaka miguuni. Tulikula nyoyo, mahindi na maharage ya kuchemsha, kutoka bakuli moja, na aliyechelewa kunawa alikuta maharage yameisha yamebaki mahindi. Kisha dani alinyoosha miguu yake, akakohoa kidogo, na sote tukanyamaza.

Nyanya za wenzetu walisimulia habari za sungura na fisi. Dani alikuwa na zimwi la chuma. Zimwi hilo lilikula kuni msitu mzima, likanywa mto mpaka samaki wakabaki wakirukaruka kwenye tope, na pumzi yake ilikuwa moshi. Lilitembea kwa magurudumu kutoka kwetu mpaka Homa Bay, likimeza kila boma lililokuwa njiani, watu na mifugo na hata jivu la jikoni. Akabaki msichana mmoja tu, aliyekuwa ameenda kuchota maji. Ndiye aliyelifuata, ndoo kichwani, akijifunza njiani kwa wafua vyuma jinsi ya kufungua kilichofungwa.

Katika hadithi wanazosimulia wengine, zimwi likishindwa husema, nikate kidole changu kidogo, watu wako watatoka. Zimwi la dani halikuwa na vidole. Lilikuwa na koki, ndogo sana, imefichwa chini ya tumbo. Msichana aliipata kando ya ziwa, wakati zimwi limeinama kunywa maji. Akaifungua, fsssss, na hapo dani alipiga mluzi kupitia pengo la meno yake mpaka mbwa nje akalia. Mvuke ukatoka, na nyuma ya mvuke wakatoka watu. Kwanza kuku, halafu mbuzi, halafu akina mama na vikapu vyao, wakikohoa, wakiuliza ni saa ngapi. Msichana akasimama mlangoni akiwahesabu kwa majina. Wote walitoka isipokuwa mmoja.

"Nani huyo?" tuliuliza kila jioni.

"Mtu wake," dani alijibu. "Sasa laleni."

Na hapo ndipo alipoishia daima. Hadithi nyingine zote alizifunga vizuri. Alisema "Thu tinda!" na sote tukapokea kwa kelele, tukijiombea tukue tulingane na mti mrefu ulio kwa mjomba. Bila neno hilo sigana haijafungwa. Ile ya zimwi hakuifunga hata mara moja. Iliachwa wazi kama mlango wa Tumbo wenyewe.

Kulikuwa na sheria nyingine, na hii tuliiogopa kuliko kiboko cha mwalimu. Sigana haisimuliwi mchana. Mtoto akisikiliza sigana mchana, hakui. Atabaki kimo kile kile mpaka azeeke. Leo najua kwamba sheria hiyo ilitungwa na watu wazima waliotaka shamba lipaliliwe, lakini wakati huo tulikuwa na ushahidi. Fundi wa baiskeli pale sokoni alikuwa mfupi kuliko baiskeli zake, na kila mtoto alijua kwa nini.

Basi ikafika siku miguu ya dani ilipovimba hata hakuweza kuvaa ndara. Baba mdogo akasema atampeleka hospitali Homa Bay. Pikapu yake ilifika mchana, jua likiwa utosini, na wakubwa wakaanza kubeba godoro, chupa ya uji, na kile kikombe cha bati chenye ukingo wa buluu ambacho dani hakumruhusu mtu yeyote kukinywea. Mimi nilijishika kwenye leso yake. Sikulia kwa sababu ya ugonjwa, ugonjwa sikuuelewa. Nililia kwa sababu jioni ingefika na sisi hatujui kama yule mtu alitoka.

"Dani, tumalizie," nikamwambia.

"Mchana huu? Unataka ubaki hivyo hivyo, mfupi kama kigoda?"

Hapo dada yangu, ambaye mdomo wake haukuwahi kukosa jibu, akasema, "Dani, ndani ya Tumbo ni usiku. Hata saa sita ya mchana, huko ni usiku tu."

Dani akacheka, kile kicheko chake cha kutikisa mabega. "Nyakwara, mjukuu wangu, huo mdomo utakupeleka mbali. Haya, nishikeni."

Unaweza kufikiria baba mdogo alivyochukia. Mgonjwa wake amevaa nguo za safari, pikapu inanguruma, na mgonjwa huyo anakokotwa na watoto kwenye majani kuelekea kwenye vyuma vikuukuu. Dada alimshika mkono mmoja, mimi ule mwingine. Tulipofika aliinama taratibu, akaingia, akaketi. Dada akaziba mlango kwa leso ya dani. Na kweli, ikawa usiku. Sikuuona hata mkono wangu. Nilisikia harufu ya kutu na ya mafuta ya miguu yake, na mchana wote ukabaki nje na kuku.

Alisimulia polepole, na sauti yake ndani ya lile Tumbo ilikuwa nzito kama ya mtu mwingine. Alifika Homa Bay, akafika kwenye ziwa, akapiga mluzi wa koki nao ukazunguka kwenye chuma mpaka nikaziba masikio. Kuku wakatoka. Mbuzi wakatoka. Akina mama wakatoka. Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema kwenye siwindhe.

"Huyo mmoja alikuwa mtu wa kutia kuni," alisema. "Ndiye aliyelilisha zimwi kila siku. Msichana alikuwa akimpelekea uji, kwa kikombe. Mgodi ulipofungwa akasema anaenda kutafuta zimwi lingine la kulisha, huko mbele ya Ntimaru, ng'ambo ya mpaka. Akamwambia msichana, usifunge mlango, narudi."

Nilimsikia akipumua.

"Akarudi?" nikauliza.

Nje pikapu ikapiga honi, ndefu, ya hasira. Baba mdogo akaita. Dani akapapasa gizani mpaka akakipata kichwa changu, akaweka kiganja chake juu, kama anayepima.

"Nikirudi nitawamalizia," alisema. "Na mlango msifunge."

Alipotoka, mwanga ulituumiza macho. Alipandishwa kwenye godoro lake akakaa akiitazama njia, kikombe mapajani. "Oriti," akatuambia, kwaherini, kama anayeenda sokoni tu. Tulikimbia nyuma ya vumbi mpaka kwenye kisima.

Dani alirudi kutoka Homa Bay kwa gari lililofungwa maua, na watu wakalia njia nzima. Nakuambia kweli, katika mazishi yale, wakati kwaya ikiimba na wazee wakisukumana kuhutubia, mimi nilimngoja atamke lile neno moja. Sikuelewa jinsi mtu anayetimiza kila ahadi angeweza kuondoka bila kufunga. Nimeandika vitabu vingi tangu siku hiyo, na katika kila kimoja kuna koki ndogo, na mlango, na msichana anayewahesabu watu kwa majina. Nikifika pale kalamu yangu husimama.

Na sikukua. Unaweza kucheka. Dada alikua akawa mrefu wa kugusa dari, mimi nikabaki pale kiganja cha dani kiliponiacha. Watu wa kwetu wanasema nilisikiliza sigana mchana. Dada yeye husema hakusikiliza, alikuwa ameshika leso mlangoni, kwa hiyo haikumpata.

Basi juzi tulifika, mimi na yeye. Nyumba ya dani imeanguka, siwindhe imebaki mstari wa mawe kwenye nyasi. Watoto wa baba mdogo wana televisheni, na ukiwauliza sigana ni nini wanasema ni kitu cha mtihani. Tumbo halipo. Wanunuzi wa skrapu walikuja na mitungi ya gesi wakalikata vipande vipande kama nyama ya arusi, wakalipakia kwenye lori. Mahali lilipolala pamebaki shimo lisilo na kina, limejaa jua. Nililitazama jua lile nikaona uchungu ambao sikuupata hata nilipoiona nyumba imeanguka. Hapakuwa tena na mahali popote kijijini ambapo ni usiku mchana.

Dada akanitazama, akaivua leso begani. "Inama," aliniambia, halafu akacheka. "Ah, wewe usiiname." Akainama yeye, akatufunika sote wawili, mama wawili wazima wenye vitambulisho, tumesimama kwenye shimo tukiwa tumefunikwa kichwa.

"Haya, malizia," akasema. "Wewe ndio mwandishi. Alirudi au hakurudi?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na mwisho tayari, rafiki yangu, nilikuwa na miisho hata kumi. Lakini leso ilikuwa imechakaa, jua lilipenya kwenye kila uzi, nikauona uso wa dada yangu waziwazi, na ulikuwa wa dani mtupu, mpaka lile pengo la meno. Machozi yakanitoka. Na yeye pia.

"Wacha," akasema, akijipangusa kwa kiganja. "Wacha tu. Si ni yeye alisema atamaliza? Basi ni yake."

Tukaikunja leso tukarudi kwenye gari, na hakuna aliyesema tinda.

Yule msichana wa Suna aliniuliza swali zuri na nikampa jibu la uongo. Ningepaswa kumjibu pale pale, juu ya kreti yangu: mwanangu, anamngoja nyanya yangu. Wengine wote wameshatoka.