Mlango Uliopewa Tano

Mume wangu Ladislaus ukimuuliza habari, hata kama nyumba inaungua, atakujibu nzuri. Moto atakutajia ukimuuliza mara ya pili. Mimi Winifrida nimeishi na adabu hiyo miaka kumi na minne, sita kati yake hapa Hallunda, kitongoji cha Stockholm huku Uswidi, na kuna siku natamani kumtikisa.

Alikuwa mtunza jengo katika chuo kikuu kimoja hapa Stockholm. Jengo lenyewe jipya, vioo juu mpaka chini, na mlango wa mbele mzito ajabu. Hata mimi na mwili wangu huu niliusukuma kwa bega. Damalie, mwanafunzi Mganda anayetembea kwa magongo tangu alipougua polio utotoni, hakuuweza kabisa. Basi kila asubuhi Ladislaus alimsubiri pale, akamfungulia, wakapiga soga kidogo kwa Kiswahili, kisha kila mtu akaenda zake.

Mwaka 1985 zikaja fomu. Ofisi ya majengo ilitaka kujua watu wanaridhika kiasi gani na joto, mwanga, vyoo, milango. Moja ni mbaya, tano ni nzuri sana, na penye alama za chini ndipo patakaporekebishwa. Ladislaus alifurahi mno, maana Januari tulikuwa tunakwenda Bukoba miezi miwili, likizo yetu ya kwanza, na roho haikumtulia: nani atamfungulia Damalie kwenye theluji?

Novemba majibu yakabandikwa. Mlango wa mbele hauna tatizo. Nikamuuliza yeye alijaza nini, akanung'unika kwamba alijaza tano. Tano! Eti mtu haanzi tu kuisema vibaya nyumba inayomlisha. Alidhani watakuja kumuuliza tena, ndipo aseme. Nani aje, jamani? Wale wameshajumlisha karatasi zao, wamekwenda kunywa kahawa. Nilimkaripia mpaka chai ikapoa.

Kesho yake akaenda kumwomba radhi Damalie. Yule binti akainamisha kichwa.

"Mzee, hata mimi niliandika tano. Wewe unanifungulia kila siku. Ningeanzaje kulalamika?"

Wakacheka mpaka wakachoka, kisha wakapanda hadi ofisi ya majengo. Bibi wa pale, Mswidi mpole, akasema fomu zimeshafungwa. Ladislaus akamwomba ashuke nao kidogo tu. Walipofika mlangoni alisimama kando, mikono nyuma. Damalie akasukuma, mlango ukakaa vilevile. Akasukuma tena, gongo moja likaanguka, na mume wangu, Mungu amsamehe, hakuliokota. Aliniambia hajawahi kufanya jambo gumu kama lile. Aliyeinama kuliokota ni yule bibi.

Wiki moja kabla ya safari yetu kikafungwa kitufe ukutani. Ladislaus akasimama kushuhudia. Damalie akabonyeza, mlango ukafunguka wenyewe, akapita huku anacheka, akawahi darasani.

Jioni mume wangu alirudi, akakaa kitini na koti lake mwilini. Nikamuuliza habari za kazi.

"Mbaya," akasema. "Nimefurahi, Winifrida, lakini sina tena wa kumfungulia."

Nikamvua koti, nikamwekea chai. Miaka kumi na minne, na hiyo ndiyo siku ya kwanza sikulazimika kuuliza mara ya pili.