Sura ya Kupimia Wino

Ilikuwa Jumamosi saa nane mchana, enzi kambi za wakimbizi za jirani bado zimejaa, printa ya baba mdogo ilipoanza kutoa watu wekundu kama nyanya. Kwenye kompyuta picha zilikuwa sawa, kwenye karatasi zinaharibika. Alikuwa na duka la picha pale Kabanga, na likizo ile nilikuwa namsaidia kukata picha za paspoti.

Rafiki yangu, mkimbizi, akaingia kunisalimia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, hebu kaa hapo!"

Baba mdogo akampiga picha, akaitoa, akaishika karatasi kando ya shavu la rafiki yangu kulinganisha rangi. Akapunguza wekundu, akatoa nyingine, akaishika tena.

"Usicheke, mwanangu, unanibadilishia rangi!"

Wakacheka wote wawili. Mimi nimeshika mkasi.

"Mbona mimi hunitumii?" niliuliza kwa sauti ndogo.

"Huyu maji ya kunde, wino unamkubali. Wewe mweusi mno, utanidanganya."

Hadi jioni sura za rafiki yangu zilikuwa zimebandikwa ukutani, kuanzia ile nyekundu hadi iliyofanana naye kabisa. Nilimwambia amependeza. Moyoni niliomba wakimbizi warudishwe kwao hata kesho.

Asubuhi yake, baada ya misa, nilimkuta baba mdogo anafungua duka. Nikampita, nikakaa kwenye kile kiti cha kupigia picha kabla hajawasha kompyuta.

"Watu weusi nao wanakuja kupiga paspoti," nikamwambia. "Nipime na mimi."

Alinitazama, kisha akaenda kuchukua kamera.