Mikono ya Elieza

Njombe ya mwezi wa saba watu wamejikunyata ndani ya makoti mawili mawili, lakini viganja vya Elieza vilikuwa vinachuruzika maji. Jamani! Alikuwa fundi cherehani Makambako, enzi za Mwingereza, na sindano zake zilishika kutu kabla hazijachakaa. Kitambaa cheupe hakukigusa mpaka ajifunge matambara viganjani. Wateja walisema ana homa. Wenye midomo yao walisema huyo ana jambo analificha.

Tabibu wa zahanati ya misheni alimpima, akacheka. Akamweleza kuwa si homa wala kurogwa: iko miili inayotoa jasho bila kuamrishwa, na kadiri mtu anavyoliogopa ndivyo linavyozidi. Elieza akashukuru, akaenda zake, akaendelea kuliogopa.

Aliogopa kwa sababu alikuwa anakwenda Yakobi kumposa Priska, na baba yake Priska, Mzee Ezekia, alikuwa mzee wa kanisa aliyepima watu kwa mkono. Salamu ya Wabena si ya kugusana na kupita: kamwene, habari za nyumbani, za shamba, za ng'ombe, na mkono bado umeshikwa palepale. Mkono mkavu ni mtu mkweli. Mzee aliamini hivyo.

Mshenga wake, Nikodemo, akajitia mjuzi. Alisema dawa ni majivu, yanakausha. Wakapita jikoni kwa jirani, Elieza akajipaka mpaka kwenye vifundo. Sasa majivu na jasho, bwana, vikikutana ni tope. Walipofika Yakobi wakasalimiana, na Mzee alipouachia mkono ule, kiganja chake na pindo la mkono wa koti lake la Jumapili vilikuwa vimechafuka vibaya.

"Umetoka kusiliba nyumba?" aliuliza.

Nikodemo akatazama paa. Elieza akasema kweli yote: jasho tangu utotoni, na majivu ya kulificha. Mzee alifuta kiganja taratibu. Kwake anayeficha mkono ataficha na mengine, na uso wake ulikuwa umeshaanza kukataa.

Priska, aliyekuwa analeta togwa, akaweka kibuyu chini. Akaushika mkono ule, na tope lake.

"Baba, mimi nimeushika tangu Pasaka. Haujaniponyoka hata siku moja."

Mzee akasahau koti.

"Tangu Pasaka?"

Jumapili iliyofuata ndoa yao ilitangazwa kanisani. Majina aliyapeleka Mzee Ezekia mwenyewe kwa mchungaji, mbio, hata chai hajanywa.